Meli ya Ijumaa

Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umefungwa kwa ndani, na aliyekuwamo alikuwa akinong'ona. Kwa watu wengi hilo lingekuwa jambo dogo. Lakini mzee aliyekaa sebuleni, gazeti limeinuliwa usoni bila kusomwa, alikuwa ameumaliza ujana na utu uzima wake akiwatilia shaka watu wanaonong'ona. Alikuwa afisa wa forodha. Siku ya kustaafu walimpa saa ya ukutani na hotuba. Ila jina la Kufuli, alilopewa na mawakala wa mizigo waliokuwa wakisota mbele ya dirisha lake, halikukubali kustaafu. Lilimfuata mpaka nyumbani, naye kwa siri alijivunia.

"Sikilizeni basi," sauti ya mkazamwana wake ilipita chini ya mlango. "Meli mpya inatoka Ijumaa. Ina stoo ya siri chini ya sakafu, na skana haioni kitu."

Kimya kidogo, kama anayemsikiliza mtu wa upande wa pili.

"Najua. Lakini sasisho hilohilo ndilo linaloleta wakaguzi kila kituo. Kwa hiyo mzigo tulio nao tuupitishe kabla. Tukingoja Ijumaa tumekwisha."

Kimya tena, kisha kicheko.

"Wee, nyamaza! Nani nahodha hapa?"

Gazeti likashuka. Mke wa mzee, aliyekuwa akichambua maharage kwenye sinia, hakuinua uso.

"Umesikia hayo?" mzee akauliza kwa sauti ya chini.

"Yapi?"

"Anayoyasema huyo."

"Si yuko kwenye kikao cha kazi," mkewe akajibu, upesi kuliko alivyozoea kujibu jambo lolote, akatupa kando jiwe ambalo halikuwa jiwe bali haragwe zima.

Hakikuwa kikao, na katika nyumba hiyo mzee peke yake ndiye asiyejua. Mkazamwana alikuwa akicheza. Ulikuwa mchezo wa kompyuta unaochezwa mtandaoni na watu wa nchi nyingi kwa wakati mmoja, mchezo wa safari za angani, ambamo kila mtu ana chombo chake na huzunguka baina ya nyota akifanya biashara, akichimba madini, akiwaokoa waliokwama au, akipenda, akivusha magendo. Wenye mchezo walikuwa wametangaza sasisho, yaani mambo mapya: meli ya mizigo iliyoitwa Kakakuona kwa ajili ya magamba yake, na ukaguzi katika vituo vyote, ambao haukuwapo kabla. Mkazamwana na wenzake watatu, ambao hawajapata kuonana uso kwa uso, hawakuwa na mazungumzo mengine ila hayo.

Mbona basi mzee alifichwa? Kwa sababu aliwahi kumkuta mwanawe, tayari mtu mwenye ndevu, akicheza karata barazani na rafiki zake. Alizikusanya karata zote, pamoja na zile zilizokuwa mikononi mwa wageni, akazitia kwenye jiko lililowaka. "Mchezo ni kazi ya watoto," alisema, "na katika nyumba hii watoto wamekwisha kukua." Tangu siku hiyo, mtu wa nyumba hiyo aliyetaka kucheza alikwenda kikaoni.

Kuuliza kungeyamaliza yote. Lakini mzee alikuwa na kanuni aliyoishi kwayo na kuwafundisha vijana wengi waliopita chini ya mkono wake: usimwulize mwenye mzigo, maana ukimwuliza umemwonya. Mwache azungumze na watu wengine. Wewe uliza mzigo, uliza njia, uliza saa. Kanuni hiyo ilikuwa imemkamatia walanguzi wakubwa. Haikuwa imetungwa kwa ajili ya watu wanaokula meza moja.

*

Asubuhi, wakati wa chai, mzee alitega mtego wake wa kwanza.

"Vikao vimezidi siku hizi," alisema, macho yake kwenye kikombe.

"Vimezidi kweli, Baba," mkazamwana akajibu, akimpa sukari kwa mikono miwili kama kawaida yake. "Meneja wetu anapenda vikao kuliko mshahara."

Mwana wa mzee alipaliwa na chai. Alikohoa, akapiga kifua, akasingizia mkate. Huyu alikuwa fundi wa majokofu, mtu mpole asiyeweza kusema uongo wala kuunyamazia uongo wa mwingine bila kukohoa. Mzee alikiweka moyoni kikohozi hicho.

"Hata Jumamosi?" akaendelea.

"Hata Jumamosi. Mizigo haina wikiendi, Baba. Wewe unajua kutushinda sisi sote."

Alisema hivyo kwa heshima na tabasamu, na ni tabasamu lililomwumiza mzee. Mwanamke huyo alikuwa karani katika kampuni ya uwakala wa forodha, kwenye dawati la kutolea mizigo, pale ambapo nyaraka hupita mkononi kabla ya kontena kufunguliwa mlango. Karakana ya mumewe ilikuwa imepooza tangu watu waanze kununua majokofu mapya badala ya kutengeneza yaliyoharibika. Pensheni ya mzee ilikuwa ya kununulia dawa na gazeti. Nyumba nzima ilisimama juu ya dawati hilo. Tena meneja alikuwa ameahidi kumwandikia barua ya kumpendekeza apate leseni ya uwakala kwa jina lake mwenyewe. Mzee alilijua hilo. Yeye ndiye aliyemfundisha, jioni baada ya jioni, majina ya mafungu ya ushuru.

"Kikulacho ki nguoni mwako," aliwaza, akiutazama mkono wake mwenyewe uliokuwa ukikoroga chai iliyokwisha kukorogwa. Nani angefaa zaidi kuvusha magendo kuliko mtu aliyefundishwa na mkaguzi?

Mkazamwana alipoondoka, mwana aliinuka naye apate kumsindikiza. Mzee akamzuia kwa kidole.

"Mkeo ana siri?"

Fundi alitazama mlango, akatazama mama yake, akatazama kandambili zake. "Siri gani, Baba? Kila mtu ana mambo yake."

"Sikuuliza kila mtu."

"Basi mimi naenda karakana," akasema, akakohoa mpaka getini.

*

Ofisi ya kampuni ilikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira ilipanda ngazi pamoja na wageni. Mzee alichagua saa ambayo mkazamwana hupeleka nyaraka bandarini. Meneja alipomwona mlangoni alisimama kabla ya kufikiri. Miaka ilikuwa imepita, lakini miguu ya wakala haisahau dirisha la Kufuli.

"Shikamoo, Mzee! Karibu, karibu kiti. Kuna tatizo?"

"Marahaba. Nina swali moja tu," mzee akasema, naye hakukaa. "Ofisi hii ina vikao jioni? Jumamosi?"

Meneja akacheka kwa wasiwasi. "Vikao? Hapa ikifika saa kumi na moja hata mlinzi anataka kwenda kwao. Nani kakwambia tuna vikao?"

Mpaka hapo mzee alikuwa ameacha mlango mdogo wazi: labda ni mfumo mpya wa kompyuta za forodha wanaoujadili, labda ni yeye asiyeelewa mambo ya siku hizi. Sasa mlango huo ulijifunga. Kama si kikao, amedanganya. Na kama amedanganya, ana la kuficha.

Angeweza kurudi nyumbani. Mkewe alimwambia baadaye hivyo, tena mara nyingi: ngazi zilikuwa zilezile, za kupandia na za kushukia. Lakini alikuwa mtu aliyewahi kumtoza ushuru kaka yake wa tumbo moja, mbele ya watu, kwa redio aliyomletea yeye mwenyewe zawadi. Sheria, kwake, haikuwa na mkwe. Aliyasema yote aliyoyasikia, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza: meli ya Ijumaa, stoo ya chini ya sakafu, skana isiyoona, mzigo wa kupitishwa mapema, nahodha. Akasema pia ni nani.

Meneja aliinuka. Kisha akaenda kufunga dirisha, ingawa nje hapakuwa na mtu ila anga.

"Mzee," alisema, "kama wewe unasema hivi juu ya mtu wa nyumba yako, mimi ni nani nisiamini?"

*

Mkazamwana alirudi nyumbani kabla ya mchana, akiwa amekumbatia boksi la karatasi. Ndani yake mlikuwa na kikombe, sweta na viatu vya kubadilishia. Aliliweka mezani kwa uangalifu kama mtu anayeweka mtoto aliyelala, akakaa.

"Wamenisimamisha," alisema.

Mumewe, aliyekuwa amekuja kula, aliacha kijiko hewani. "Kwa nini?"

"Mtu amepeleka habari kwamba napitisha magendo. Meneja hakutaka hata kunitazama. Mlinzi kafungua mkoba wangu mbele ya madereva, katoa kitu kimoja kimoja. Kimoja kimoja, mume wangu! Mpaka vitu vya kike kaviweka juu ya kaunta. Dereva mmoja anauliza, 'Hivyo navyo vina ushuru?' Wote wanacheka."

"Nani amesema uongo huo?"

"Namjua. Yule wa dawati la pili, tangu asikie habari ya leseni ananitazama kama nimekalia kiti chake. Ngoja. Nitamfuata kwake leo hii, nitamwuliza mbele ya wanawe..."

"Usimfuate mtu," mzee akasema.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa sebule, mkono nyuma, kama alivyokuwa akisimama mbele ya mzigo uliofunguliwa. Alikuwa na makosa mengi, lakini kujificha nyuma ya jina la mwingine halikuwa mojawapo.

"Ni mimi."

Kijiko cha fundi kilianguka. Mke wa mzee alitoka jikoni, vidole vikichuruzika maji, akabaki hapohapo.

"Nimekusikia kwa masikio yangu," mzee akaendelea. "Si mara moja. Nikamwuliza meneja habari ya vikao, akaniambia havipo. Kama nimekosea, nionyeshe nilipokosea. Kama sikukosea, basi ni heri ukamatwe na mimi kuliko na wengine."

Mkazamwana alimtazama. Halafu alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikavu, kisichokuwa na furaha ndani yake. Akainuka, akamshika mzee kwa mkono wa shati, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe, akamvuta mpaka chumba cha nyuma.

"Njoo uone magendo yako, Baba."

Kompyuta iliwaka. Weusi ukajaa kioo, na katika weusi huo nyota. Kisha kituo kikubwa kikizunguka polepole, na kando yake chombo kimeegeshwa, kichakavu, kimekwaruzika ubavuni.

"Hii meli ni yangu," mkazamwana akasema. "Ile ya Ijumaa itakuwa bora, nimeisubiri tangu mwaka jana. Hawa wakaguzi ninaowaogopa, hata hawajazaliwa. Wataletwa na sasisho. Mzigo wenyewe huu hapa. Ukague. Ufungue. Mlinzi wako ameshakagua mkoba, malizia wewe."

Mzee aliinama, akavaa miwani. Alitazama kioo kwa makini, pembe moja hadi nyingine, kama anayetafuta muhuri.

"Iko bandari gani?"

"Haiko popote, Baba. Ni mchezo."

"Mchezo," mzee akarudia.

"Mchezo!" mkewe akalipuka nyuma yake. "Mchezo, mchezo! Mimi najua, mwanao anajua, hata muuza mkaa anajua. Mtu wa pekee asiyejua ni wewe, kwa sababu wewe huulizi, wewe unachunguza! Kuuliza si ujinga, mume wangu. Umri wote huo, hujafundishwa?"

"Nilikuuliza," mzee akamgeukia. "Ukaniambia kikao."

Hapo mkewe akaanza kujifuta vidole kwenye kanga, maana ilikuwa kweli.

"Wewe pia uliniambia kikao," akamwambia mkazamwana. "Ulinitazama usoni, ukinipa sukari."

"Nilikwambia. Na ningekwambia ni mchezo, ungefanya nini? Kompyuta ungeiweka wapi kwenye lile jiko, juu au chini ya karata?"

Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Moyoni, na hili hakumwambia mtu, shaka yake haikuwa imekufa. Ilikuwa imebadilisha kiti tu. Mtu aliyeweza kudanganya kwa jambo dogo hivyo, kwa utulivu ule, akitabasamu, je, kuna mengine?

*

Kesho yake walikwenda ofisini pamoja, mzee mbele na mkazamwana nyuma, bila kusemezana. Safari hii meneja hakusimama. Aliwaacha wangoje kwenye benchi la nje, pale madereva wanapongojea, na mzee aliyezoea kungojewa akajifunza jinsi benchi linavyokuwa gumu. Madereva walimtambua. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, na mzee, kwa mara ya kwanza, alijua bila shaka yoyote kwamba wanaonong'ona wanamsema yeye.

Walipoitwa ndani, mzee alieleza. Alisema habari ya mchezo, ya nyota, ya meli isiyokuwa na bahari. Jinsi alivyozidi kueleza ndivyo maelezo yalivyozidi kunuka uongo, naye aliyasikia yakinuka, maana alikuwa amesikiliza uongo wa watu maisha yake yote na huu ulikuwa na sauti hiyohiyo.

"Mzee," meneja akamkata, "jana ulikuja hapa kama afisa. Leo umekuja kama baba mkwe. Niambie mwenyewe: nimwamini yupi?"

"Usimwamini yeyote," mkazamwana akasema. "Soma."

Akamsukumia simu. Lilikuwa tangazo la wenye mchezo, kwa lugha ya kigeni ambayo meneja aliijua, na juu yake picha ya meli yenye magamba. Meneja alisoma akitembeza midomo. Stoo chini ya sakafu. Skana za kawaida haziwezi kuiona. Wakaguzi katika kila kituo. Ijumaa. Yalikuwa yaleyale aliyoletewa na Kufuli, neno kwa neno.

Alianza kucheka polepole, kisha akashindwa kujizuia, akaegemea kiti, machozi yakamtoka. "Nimemsimamisha mtu kazi kwa meli ya kwenye nyota! Mzee, umenifanya nini?"

"Nilikosea," mzee akasema.

"Eh? Sema tena, Mzee, feni hii ina kelele."

Feni haikuwa na kelele. Mzee alijua, meneja alijua kwamba anajua, na kati yao kulikuwa na miaka ya kupanga foleni juani.

"Nilikosea," mzee akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye benchi la nje.

Meneja akafuta macho. Na kwa kadiri alivyoyafuta, ndivyo kicheko kilivyomwondoka na mawazo kumrudia. Alimtazama karani wake upya.

"Lakini hebu niambie, mama. Nyota zote hizo, kazi zote hizo za kuchagua. Kwa nini magendo? Hukuweza kubeba hata maji?"

"Bosi, mchana kutwa najaza fomu za watu waaminifu," mkazamwana akajibu. "Nikirudi nyumbani nataka kupumzika."

Siku nyingine lingekuwa jibu zuri, la kurudiwa wakati wa chai. Siku hiyo lilianguka sakafuni, hakuna aliyeinama kuliokota.

"Utarudi kazini," meneja akasema. "Ila si kwenye dawati la mizigo. Utakaa mapokezi kidogo, vumbi litulie. Na ile barua ya leseni... tuiache kwanza. Tutaona mwakani."

"Kwa kosa gani?" mkazamwana akauliza.

"Sijasema una kosa."

"Nimekwambia nilikosea mimi," mzee akaingilia, sauti yake ikipanda. "Mtu akiwa safi anarudishwa alipokuwa. Hiyo ndiyo haki!"

Meneja akamtazama kwa utulivu, karibu kwa huruma.

"Mzee, nikuulize. Miaka yako yote dirishani, mzigo ukishatiliwa shaka halafu ukaonekana safi, uliwahi kuuachia siku hiyohiyo?"

Mzee alifungua kinywa. Alitafuta katika kumbukumbu yake ndefu, iliyopangwa kama ghala, mzigo mmoja tu wa namna hiyo. Hakuupata. Sikuzote aliwaambia: ukae pembeni kwanza. Na matunda ya watu yalioza pembeni.



*

Mapokezi palikuwa na meza ndogo, simu, na kitabu cha wageni. Makarani waliopita walimpigia mkazamwana saluti. "Nahodha, leo tunatua sayari gani?" Yule wa dawati la pili, ambaye hakuwa amefanya lolote, alihamia dawati la mizigo, akawa mwema kwake kwa namna inayochoma kuliko uadui. Maji yakimwagika hayazoleki. Mzee aliuambia ukuta hivyo, kwa kuwa watu walikuwa hawamsikilizi.

Nyumbani mkazamwana hakugomba. Alifanya jambo baya zaidi: alianza kutangaza. Aliporudi kutoka sokoni alisimama mbele ya kiti cha mzee, akafungua kikapu.

"Vitunguu, Baba. Chumvi. Sabuni ya mche. Sina kingine. Unafungua au napita?"

"Pita, mwanangu," mzee akanong'ona.

"Hukukagua chini."

"Pita."

Aliingia chumbani akiuacha mlango wazi kabisa, na kila alipocheza alisema kwa sauti ya kusikika nyumba nzima. "Baba, napakia maji. Makontena ya maji. Naondoka kituoni. Nimeomba ruhusa, nimepewa." Alikuwa ameacha magendo, akawa anabeba maji na unga, akilipa kila ada. Wenzake, ilisemekana, walikuwa wakimlalamikia. Mwana wa mzee alimsihi aache. "Yule ni mtu mzima, mke wangu. Ameshajua." Naye akamjibu, "Alitaka kujua. Sasa anajua." Na fundi, kwa kuwa hapakuwa na uongo wa kuunyamazia, hakukohoa.

Mzee alikaa na gazeti lake, akiletewa ukweli wote wa nyumba hiyo kama mtu anayeletewa chakula baada ya kushiba. Aligundua kwamba kusikia kila kitu si sawa na kuaminiwa. Walipokuwa wakimficha, walau walikuwa wakijali atasema nini.

*

Ijumaa ilifika. Alasiri mkazamwana alirudi, akatangaza mkate na mafuta ya taa, akaingia chumbani. Mzee alisubiri tangazo la maji. Halikuja. Alisubiri zaidi. Mkewe, aliyekuwa akikunja nguo, alimtazama kwa pembe ya jicho, akafanya kama hakumtazama.

Mzee aliweka gazeti chini, akatembea mpaka mlangoni mwa chumba cha nyuma. Hakuingia. Mkazamwana alikuwa ameketi mbele ya kioo, hedifoni masikioni, mikono mapajani. Kile chombo chake kichakavu kilikuwa kimeegeshwa palepale.

"Imefika?" mzee akauliza.

Hakugeuka. "Nini?"

"Hiyo meli."

"Haijafika. Wameiahirisha."

"Mpaka lini?"

"Hawajasema. Kuna hitilafu, wanasema." Akasukuma kipanya pembeni. "Meli yenyewe iliyoniondoa dawatini, Baba, hata haipo."

Mzee aliegemea mwimo wa mlango. "Enzi zetu walikuwa wakituambia hivyohivyo," alisema. "'Iko nje, inangoja gati.' Watu wanakuja na malori, wanalala chini ya malori, meli haionekani. Sikujua hata za uongo huchelewa."

"Za uongo ndizo huchelewa zaidi."

Nyuma, ukumbini, mke wa mzee aliachia kicheko kidogo kwenye shuka. Mkazamwana hakucheka, ila bega lake moja lilishuka.

"Hayo ni maswali mawili," alisema.

"Eh?"

"Umeniuliza maswali mawili, Baba. Mimi mwenyewe. Tangu niolewe hapa hujapata kuniuliza hata moja ambalo halikuwa mtego."

Mzee alitazama vidole vyake. Lilikuwa limebaki moja, ambalo lilikuwa likimkaa kooni tangu siku ile. Alijua afisa angeliuliza vipi: mzigo gani, wa nani, wenye thamani gani. Alilitafuna, akaliacha lipoteze makali yake.

"Naweza kuongeza jingine?"

Mkazamwana aliivuta hedifoni, akafunua sikio moja.

"Uliza."

"Ule mzigo mliotaka kuupitisha kabla ya leo. Ulifika?"

Akageuka sasa, akamtazama mzee muda mrefu, akichunguza uso ule kwa umakini ambao mzee mwenyewe aliutambua, maana ulikuwa wake.

"Haukufika," alisema. "Wenzangu walifika mahali pa kukutana, wakangoja mpaka wakachoka. Ndiyo siku ile niliyorudi na boksi. Nahodha hakutokea."

Mzee aliinamisha kichwa.

Mkazamwana akasukuma kwa mguu kigoda kilichokuwa chini ya meza, kikatoka nusu. Kisha akakigeukia kioo, akairekebisha hedifoni kichwani. Lakini sikio la upande wa mzee aliliacha wazi.